Kikopo cha Mama Mkwe

Kisumu, 27 Januari 2025

Bwana Griffins,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe za ofisi husomwa na watu sita, na neno hili nataka ulisikie wewe kwanza.

Mshiriki nambari 214, mwanamke, Katito, miaka 63. Mwaka juzi alikuwa na kilo 94. Mwaka jana 94. Mwaka huu 94. Nimefanya utafiti miaka kumi na moja na sijaona binadamu wa namna hiyo. Mtu hupanda akila Krismasi, hushuka akifiwa, hupanda tena. Nieleze, ulimpima huyu mama au ulikaa hotelini hapo Katito ukaandika huku ukinywa chai?

Unajua kwa nini nauliza. Tunataka kujua kama unene wenyewe huleta saratani ya utumbo mpana, au vinakutana tu njiani. Mizani peke yake haiwezi kutujibu, maana ugonjwa ule huanza kumla mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Akifika kwetu ameshakonda, nasi tunaandika kwamba wembamba ndio wanaougua. Ndiyo maana tunachukua damu. Vinasaba vinavyompa mtu mwili mkubwa alizaliwa navyo, na havipungui hata akikonda vipi. Lakini ukinipa kilo za kubuni, unanifanya nilinganishe ukweli na hadithi.

Tena kikopo chake cha choo hakijafika mpaka leo. Nataka jibu kabla ya Ijumaa.

Dkt. Terry Nasambu


Kondele, 29 Januari 2025

Daktari,

Chai sikunywa. Nambari 214 ni mama mkwe wangu, Mwalimu Dorca, mama yake Maryanne mke wangu. Anaishi kwake Katito, kwa hiyo kanuni zetu hazikumzuia kujiandikisha, na mimi niliona haya kumkataza.

Mimi ni Mjaluo. Siwezi kumwambia mama aliyenizalia mke avue sweta na viatu apande mizani huku nikimtazama. Siku alipoingia katika lile darasa tunalopimia watu, niligeukia ubao. Alipanda mwenyewe akasoma kwa sauti, "Tisini na nne." Nikaandika. Damu alitolewa na nesi. Mwaka uliofuata tukafanya vivyo hivyo, na mwaka huu pia.

Kuhusu kikopo, yule nesi alihamishwa Novemba na kata nzima nimebaki peke yangu. Miezi miwili nimezungukazunguka. Wewe niambie, Daktari, mtu huanzaje kumwomba mama mkwe choo chake?

Kama ni kufukuzwa kazi, nitaelewa.

Griffins Ooko


Kisumu, 31 Januari 2025

Griffins,

Nilicheka, halafu nikaacha. Mimi ni Mbukusu. Baba yangu akimwona nyanya yetu mzaa mama anakuja njiani, alikuwa akiingia shambani mwa watu akajificha kwenye mahindi mpaka apite, na alikuwa diwani.

Hufukuzwi. Zile 94 nazifuta zote tatu, na safari ijayo mwenzako Jentrix ndiye atakayempima. Lakini kikopo nakitaka. Mwandikie barua. Karatasi haina macho.

Nasambu


Kondele, 2 Februari 2025

Kwa Mama Mwalimu Dorca,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi tu wazima, na Maryanne anayekuletea barua hii atakueleza mengine.

Mama, sijawahi kukuandikia, na kukupigia simu kwa jambo hili siwezi. Daktari wetu ameona kilo zako hazibadiliki, nami nimemwambia ukweli kwamba mimi hugeukia ubao. Amenikasirikia mimi, hakukukasirikia wewe. Atakuja dada mmoja anayeitwa Jentrix akupime upya.

La pili ndilo gumu. Maryanne amebeba kikopo cheupe chenye kifuniko cha buluu. Wenzako walipewa Novemba, wewe nikakupita kwa haya. Kinachotakiwa ni kidogo sana, kiasi cha punje ya njugu. Maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na mabadiliko katika seli yanayotangulia kansa ya utumbo. Ukimaliza mpe Maryanne, naye atakitia mwenyewe kwenye sanduku la barafu. Mimi sitakigusa wala kukitazama.

Maryanne hawezi kuwa mshiriki kwa sababu ana miaka thelathini na saba tu, na wake wa wafanyakazi hawaruhusiwi. Lakini mazungumzo ya kazi yangu yamemfaa. Ameacha mandazi na soda, na mwili umepungua hadi nimemnunulia gauni jipya. Amependeza sana, nami najivunia.

Nisamehe, Mama.

Mkweo, Griffins


Katito, 10 Februari 2025

Mkwe wangu Griffins,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa chini. Mara ya pili nilifunga mlango. Mara ya tatu nilichukua kalamu nyekundu, maana miaka thelathini na moja ya kufundisha Kiswahili haitoki mkononi, na nikakuta makosa mawili tu. Hongera.

Ulifanya vyema kutumia Kiswahili. Kijaluo kingelileta jambo hilo likiwa uchi hadi katikati ya nyumba. Kiswahili angalau hulivalisha nguo kwanza.

Kuhusu kilo, mwaka wa kwanza nilisoma kweli. Miaka iliyofuata nilikuwa nimesahau miwani, nikaona ile namba ya kwanza ilikuwa nzuri, nikairudia. Daktari wako asikasirike. Mwili wangu haujaenda popote, muulize yeyote anayekaa nyuma yangu kanisani.

Sasa hilo lingine. Ulipokuja kutoa mahari, wewe ulikula kuku chumbani na wanaume, mimi nikakaa jikoni mpaka mlipoondoka. Miaka kumi na minne hatujashikana mkono. Penye matanga nikikuona chini ya hema hili, mimi huenda hema lile. Hiyo si chuki, unajua. Heshima si utumwa. Leo nianze kukutumia mizigo ya namna hiyo?

Kikopo kimeondoka na Maryanne. Mengine usiniulize, na usikitaje tena mpaka nife.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yenu, Dorca


Kisumu, 18 Machi 2025

Griffins,

Keti kwanza.

Majibu ya kikopo cha 214 yametoka. Kuna damu, na seli zilizomo zina mabadiliko ya aina ambayo hatupendi kuyaona. Tumerudia kupima na majibu ni yale yale. Hii haisemi moja kwa moja kwamba ni saratani. Inasema utumbo wa mama utazamwe kwa kamera, na utazamwe wiki hii. Damu yake inaonyesha amejaa vile vinasaba vya mwili mkubwa tunavyovifuatilia, na kwa umri wake sitaki kungoja.

Kanuni inataka majibu yapelekwe na mtu asiye jamaa. Jentrix yuko tayari kwenda kesho. Ila kama unaona mama atashtuka zaidi kuyasikia kwa mgeni, mwandikie wewe. Chagua, lakini usichelewe. Na uandike wazi.

Nasambu


Kondele, 21 Machi 2025

Kwa Mama mpendwa,

Salamu sana. Natumaini mvua imeanza huko na umepanda.

Mama, daktari wetu anashukuru kwa ushirikiano wako. Kuna mambo madogo angependa kuyatazama kwa karibu zaidi, ndiyo maana anakuomba ufike mjini, ikiwezekana wiki hii. Ni jambo la kawaida kwa watu wa umri wako, lisikutie hofu. Ukija tutakutafutia pa kulala kwa shemeji yangu Adongo huko Manyatta, usipate taabu ya kukaa nyumba moja na mimi.

Wiki hii ikikushinda, basi hata ijayo. Maryanne anakuja Katito kuchukua viazi vitamu vya kuuza, mjibu kupitia kwake.

Mkweo, Griffins


Katito, 30 Machi 2025

Mkwe wangu,

Nimeipokea barua yako na nimeiona ina adabu nyingi mno. Mtu akianza kuniuliza habari za mvua najua ana lake.

Mwambie daktari nashukuru, lakini siji. Mimi ni mzima. Nala, nalala, juzi nimepalilia mistari minane peke yangu. Kama kuna alichokiona huko, nina hakika si changu, na sababu ya kuwa na hakika ninaijua mwenyewe. Asipoteze gari lake.

Mgonjwa, kama unamtafuta, mtazame uliye naye. Mtoto wangu Maryanne amepungua, na si kule kupungua unakojivunia. Joho lake la kwaya ya kanisa letu nimelipunguza mishono mara mbili tangu Januari. Jumapili alikaa wakati wenzake wamesimama wanaimba. Kanisani wanawake wameanza kuniuliza afya yake kwa sauti ya chini, na unajua huku kwetu mtu akikonda wanauliza nini. Unamlisha nini huko Kondele? Masomo ya daktari?

Sina ugomvi. Nimesema tu kama mama.

Dorca


Kisumu, 7 Aprili 2025

Griffins,

Uliponiambia mama amekataa kwa kuwa ana hakika kilichoonekana si chake, nilikaa nikafikiri. Mama aliyekariri kilo anaweza pia kuazima kikopo. Kwa hiyo niliomba maabara walinganishe vinasaba vya damu ya 214 na vya choo cha 214.

Si mtu mmoja.

Mwenye choo ni mwanamke. Na ni mtoto wa kuzaliwa wa mwenye damu. Hapo hakuna shaka, nusu ya vinasaba vyake vimetoka kwa huyu mama. Vile vya mwili mkubwa karibu vyote amevirithi. Kwa maandishi ya damu, huyu binti angepaswa kuwa mtu mwenye mwili. Kama leo ni mwembamba, basi kuna kitu kinamla, nacho kilikuwa kinamla Februari, na tumekipa majuma manane, matatu ya mwisho tukimwandikia mtu mwingine.

Hapa nimevunja kanuni. Nilipaswa kumtafuta mwenyewe, lakini jina lake silijui. Mama huyo ana mabinti wangapi? Kama ni wengi, nipe majina na simu zao kesho asubuhi. Kama ni mmoja, Griffins, basi unaelewa kwa nini nimekaa na barua hii siku mbili kabla ya kuituma. Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi. Yeyote ndiye, aje kwangu moja kwa moja, saa yoyote, na asile kitu asubuhi hiyo.

Nasambu


Kondele, 9 Aprili 2025, asubuhi

Mama,

Leo sina salamu. Nisamehe.

Umejaliwa watoto watano na binti ni mmoja. Nimeisoma barua ya daktari nikiwa nimevaa kiatu kimoja, na kile kingine bado sijakivaa. Naiweka humu ndani pamoja na hii uisome mwenyewe. Choo kilichokwenda maabara kwa jina lako ni cha Maryanne. Kina damu. Kina dalili za kansa. Nimeliandika hilo neno sasa, kansa, kwa sababu mwezi uliopita sikuliandika. Ile barua ya tarehe ishirini na moja niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na neno hilo. Ya nne ilikuwa na mvua. Nilikuogopa wewe, Mama, nikaogopa kukutajia sehemu za mwili, na majibu ya mke wangu nikampa yeye mwenyewe ayabebe kwenye kikapu mpaka kwako.

Na wewe uliniambia amekonda nikakasirika siku mbili.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Ilikuwaje kikopo chako kikawa chake? Yeye mwenyewe anajua? Yuko kwako tangu jana na simu nashindwa kumpigia, kwa sababu akisema "halo" nitalia na atajua. Nampa barua hii Waswa wa bodaboda, anayepeleka mikate Katito. Usimruhusu Maryanne aondoke. Nakuja nyuma yake, mara tu nitakapovaa kiatu cha pili.

Griffins


Katito, 9 Aprili 2025, saa tisa alasiri

Griffins mwanangu,

Waswa alifika na bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Nilipomuuliza alinijibu, "Si huyu madam ndiye hubeba barua zenu? Nimempata hapo steji nikampea." Anasema Maryanne aliuona mwandiko wako, akauliza kwa nini leo amepewa mtu mwingine, akaifungua hapo hapo kando ya magunia yake. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akamwambia Waswa amwekee viazi, akapanda gari la Kisumu. Barua yako aliirudisha kwenye bahasha, akasema niletewe. Ile ya daktari ameondoka nayo.

Ilipofika mikononi mwangu yeye alikuwa ameenda saa nzima. Simu yake imezimwa. Yako nimeipiga mara tatu, na kila ulipopokea nilikata, kwa sababu sijui mama mkwe huanzia wapi. Ndiyo maana narudi kwenye karatasi, na Waswa nimemwambia akimbie.

Umeuliza ilikuwaje. Nilimpa kikopo kikiwa kitupu. Nikamwambia akurudishie, aseme mama amekataa, mama ana heshima zake. Akasema, "Niachie tu, Mama. Nitajua la kufanya." Nilidhani atatia cha mbuzi, au chochote, ili wewe usigombane na bosi wako. Sikuuliza. Nilimaliza maisha yangu nikiwauliza watoto wa watu maswali, na wangu sikumuuliza hata moja. Methali ile ya mficha maradhi nimeiandika ubaoni kila mwaka kwa miaka thelathini na moja, Griffins, na nilikuwa namaanisha watu wengine.

Nilikuandikia kwamba kilichoonekana si changu, nikajiona mjanja. Kumbe kilikuwa changu kuliko kama ningalikitoa mimi.

Usije huku, mtafute huko huko mjini, na ukimpata nipigie. Safari hii nitaongea.

Dorca


Kisumu, hospitalini, 12 Aprili 2025

Griffins, na Mama,

Naandika barua moja kwa wote wawili, muisome pamoja. Ujumbe niliowatumia Jumatano kwamba niko salama na msinitafute ulikuwa wa kweli. Nilitaka siku tatu za kutotazamwa na mtu anayelia.

Damu niliiona kwanza Septemba. Nilidhani ni pilipili, halafu nikadhani ni bawasiri, halafu nikaacha kudhani. Mwili ukaanza kupungua. Sikuacha mandazi, Griffins. Mandazi yaliniacha, nikila tumbo linakaza. Wewe ukasema napendeza, ukaniletea gauni la kijani, ukaniita mrembo mbele ya watoto. Miaka kumi na minne sijawahi kuwa mwembamba na hujawahi kunitazama vile. Ningekwambiaje baada ya hapo? Nilifurahi, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na linanichoma.

Kliniki ya hapo Kondele sikuweza kwenda. Wanawake wa sokoni wangeniona kwenye benchi la wagonjwa, nimekonda hivi, na wangemaliza hadithi wenyewe.

Mama aliponipa kikopo kitupu nilikishika mkononi kutoka Katito mpaka mjini. Nikafikiri, mume wangu anakusanya vikopo vya Katito nzima, na changu hawezi kukichukua kwa sababu mimi ni mkewe na ni kijana. Basi huu ndio mlango. Kilichomo ni changu na nilikitia makusudi. Sikufanya mzaha. Wala sikuwa namsaidia Mama, Mama anisamehe. Nilitaka kujua.

Nilipanga hivi. Majibu yakiwa mabaya, hao wa utafiti watampigia Mama. Mama atanipigia mimi akicheka, aseme wameona ugonjwa usio wake, nami nitajua. Majibu yakiwa mazuri, hakuna atakayepiga. Nikangoja simu. Februari ikaisha. Machi ikaanza kuisha. Hakuna aliyepiga. Nikamshukuru Mungu kanisani kwa sauti, Mama ulikuwepo, ulidhani nashukuru kwa mvua. Nikaanza tena kulala vizuri.

Sikujua kwamba nyinyi hampigiani simu. Yaani nilijua, nimeishi nalo, lakini sikulifikiria hata mara moja. Nilisahau kwamba mama yangu na mume wangu wana heshima. Majibu yangu yalikuwa kwenye kikapu changu. Niliyapeleka Katito, nikampa Mama, nikakaa nikanywa chai yake akiyasoma, akasema, "Bwanako ameandika habari za mvua." Tukacheka. Kisha nikabeba jibu lake la kukataa, nikakuletea wewe. Bahasha sikufungua kwa sababu mlinilea na kunioa nikiwa mtu asiyefungua barua za wakubwa.

Daktari Nasambu amenipokea vizuri. Anasema wiki tatu si mwaka, na kwamba kilichoko ndani kilianza zamani kuliko barua zenu zote. Nilimtazama akisema hivyo, naye alikuwa anatazama dirishani.

Jana waliingiza kamera. Uvimbe upo upande wa kushoto, ukubwa wa limau. Watakata Jumanne asubuhi. Jumatatu watalitazama ini, na hapo ndipo nitajua kama nina miaka au nina miezi. Watoto msiwaambie neno mpaka niwaambie mimi.

Nimeshtuka kama nyinyi, msidhani nimekuwa jasiri. Usiku wa kwanza hapa nilimkasirikia Mama, wa pili nikakukasirikia wewe, Griffins. Leo nimechoka, na nina kazi ya kuwapa.

Baada ya operesheni choo changu hakitapita kwa njia yake. Kitatokea tumboni, kwenye mfuko, kwa miezi kadhaa, labda zaidi. Mfuko unabadilishwa kila siku, ngozi inaoshwa, kinachotoka kinatazamwa rangi yake na kuandikwa. Mikono yangu mwanzoni haitaweza. Hospitali inataka jamaa wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na inataka wafundishwe pamoja, kitanda kimoja, wakati mmoja, huku kila mmoja akimwona mwenzake anavyofanya. Nimeandikisha majina yenu.

Mafunzo ni Jumatano saa nne asubuhi. Kama kuna asiyeweza, aniambie kabla ya Jumanne, nitafute mtu mwingine.

Maryanne